Lugha Mbili na Daftari Moja

Mtaalamu mmoja wa Kiholanzi, Edsger Dijkstra, aliandika mwaka 1975 maneno ambayo yaliniudhi kwa muda mrefu kana kwamba nimeandikiwa mimi. Alidai, kwa ufupi, kwamba mwanafunzi aliyekwisha kuonjeshwa lugha ya BASIC ni vigumu mno kumfundisha uandishi mzuri wa programu, kwa kuwa akili yake imelemazwa na haiponi tena. Mimi nilionjeshwa BASIC. Tena, mbaya zaidi, niliwaonjesha wengine, na hao wengine walikuwa walimu watarajiwa.

Sasa nina miaka 74. Niliwahi kuwa mkufunzi wa hisabati, halafu mkuu wa chuo cha ualimu, na tangu mwaka 2010 ni mstaafu mwenye shamba la korosho na muda mwingi. Miaka michache iliyopita, kwa kusukumwa na mjukuu wangu aliyekuwa chuo kikuu, niliihama BASIC nikaingia katika Python, lugha wanayoanza nayo vijana wengi wa leo. Katika kurasa hizi ninataka kuzihakiki lugha hizo mbili kama ambavyo ningehakiki vitabu viwili vya sarufi vilivyoletwa chuoni: kipi kinamfaa mwanafunzi, kipi kinamdanganya. Naomba msomaji asiyejua kompyuta asiniache njiani. Sitasema jambo asiloweza kulifuata mtu aliyewahi kujumlisha alama za darasa.

Programu ni orodha ya maagizo ambayo mashine huyatekeleza moja baada ya jingine, na lugha ya programu ni namna ya kuyaandika maagizo hayo. BASIC ilitungwa na walimu wawili wa hisabati, John Kemeny na Thomas Kurtz, katika chuo cha Dartmouth kule New Hampshire, Marekani, na programu za kwanza ziliendeshwa alfajiri ya tarehe 1 Mei 1964. Nia yao ilikuwa njema sana. Kompyuta wakati ule ilikuwa mali ya wahandisi na wanasayansi. Hao wawili walitaka mwanafunzi wa historia au wa fasihi naye aketi mbele ya mashine, aandike mistari mitano na kupata jibu. Miaka ya 1970 na 1980, mashine ndogo za nyumbani zilipoanza kuuzwa, karibu kila moja ilikuja na BASIC ndani yake. Uliwasha umeme, na lugha ilikuwa pale pale inakungoja.

Ndivyo nilivyokutana nayo mimi. Mwaka 1985 nilipelekwa Uingereza kwa mafunzo ya mwaka mmoja ya ufundishaji wa hisabati. Katika shule tulizozitembelea kulikuwa na mashine iitwayo BBC Micro, ambayo shirika la utangazaji la huko lilikuwa limeipa jina lake kwa ajili ya mpango wa kuelimisha umma. Sikuwa nimepata kuigusa kompyuta. Nyumbani, amri ya serikali ya mwaka 1974 ilikuwa imezuia kuingiza mashine hizo nchini, na wengi wetu tulizijua kwa picha tu. Mwalimu mwenyeji akanionyesha niandike PRINT 2+2, nikabonyeza kitufe, mashine ikajibu 4. Utacheka, msomaji, lakini mtu mzima wa miaka 35, mwenye mke na watoto wanne, usiku ule sikulala.

Nilirudi nyumbani bila mashine. Nilirudi na kitabu chembamba cha mafunzo, na daftari mbili nilizozijaza mwenyewe. Kuanzia mwaka 1986 nilifundisha BASIC ya chaki. Nilimsimamisha mwanachuo mmoja mbele ya darasa, nikamwita A. Mwingine nikamwita B. Kila mmoja alishika kipande cha karatasi chenye namba. Wa tatu alisoma maagizo ubaoni, kwa sauti: weka 5 kwa A, jumlisha A na B, weka jibu kwa A. Mwenye karatasi alifuta namba ya zamani na kuandika mpya. Maagizo yenyewe yalikuwa ya Kiingereza, lakini yalikuwa machache, na wanachuo waliyakariri kama watu wanavyokariri mwito wa mchezo. Ninathubutu kusema kwamba wanachuo wale waliielewa kompyuta, bila ya kuiona, kuliko wengi walioiona baadaye bila ya kuielewa.

Hiyo ndiyo sifa ya kwanza ya BASIC, na siiondoi hata leo: iliweza kujulikana yote. Mtu aliweza kuimaliza kwa wiki mbili, kama anavyoimaliza hirizi ya jedwali la kuzidisha, na baada ya hapo hakuna kilichofichika. Kila mstari ulikuwa na namba: 10, 20, 30, tukiruka kumi kumi ili kuacha nafasi ya kupachika mistari iliyosahauliwa, kama mkulima anavyoacha nafasi kati ya mahindi akijua kwamba kunde zitakuja. Ukitaka mashine irudi nyuma, unaiambia GOTO 30, yaani nenda mstari wa 30. Mtoto wa darasa la tano anaelewa.

Mwaka 1991 chuo chetu kilipata mashine ya kweli, mtumba, zawadi ya watu wema wa ng'ambo. Sitaitaja jina, kwa kuwa kosa nitakalolieleza lilikuwa langu, si la waliyoitengeneza. Ilikuja na televisheni ya kuionea maandishi, na huku Bara hatukuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, kwa hiyo kwa miaka mitatu kile chombo hakikuonyesha kitu kingine chochote ila programu zangu. Wapishi wa chuo walikuja kuchungulia dirishani wakitegemea sinema, wakaona orodha ya majina. Waliondoka wakisikitika.

Nilifikiri BASIC ni BASIC. Kumbe ilikuwa na lahaja, kama Kiswahili chetu, na aliyejifunza Kimvita asidhani kwamba lahaja nyingine itamsamehe. Jambo la kwanza lililonishangaza ni kwamba mashine ile ilikataa neno WASTANI. Niliandika WASTANI = JUMLA / 3, ikaniambia kuna kosa la sarufi. Nilihangaika siku mbili. Sababu ni kwamba ndani ya WASTANI mna herufi T, A na N zikifuatana, na TAN ni amri ya kukokotoa tanjenti ya pembe. Mashine ililipasua neno letu katikati ili kuichomoa amri yake. SIFURI nayo ilikataliwa kwa sababu ya IF iliyomo ndani yake. MTOTO ana TO mbili, na ONGEZA huanza na ON. Msomaji ataona kwamba watunzi wa lahaja ile hawakutudhamiria ubaya. Hawakufikiri tu kwamba kuna mtu duniani atakayetaka kuita kisanduku chake cha namba kwa jina hilo. Nikaandika W badala ya WASTANI, nikaendelea.

Hapo ndipo BASIC inapoanza kuanguka machoni pangu kama mhakiki. Lugha inayokulazimisha kuita wastani W, leo haikusumbui, maana leo unakumbuka. Mwaka 2021 nilipolifungua daftari langu la mwaka 1992, lenye programu yangu kubwa kuliko zote, ile ya kupanga matokeo ya darasa, sikuweza kuisoma. Nilikuta W, nikakuta K, nikakuta K1. Nilikuta GOTO 340, nikafunua hadi mstari wa 340, ambao uliniambia GOTO 90. Ni kama barua ambayo katikati ya sentensi inakuambia endelea ukurasa wa 7, na ukurasa wa 7 unakurudisha wa 2. Dijkstra huyo huyo alikwisha kuilalamikia GOTO mwaka 1968, katika waraka mfupi uliopata umaarufu mkubwa, na siku ile, nikiwa kibarazani na miwani yangu, nilimpa haki yake. Nilikuwa mwandishi, na sasa nilikuwa msomaji, na hao wawili hawakusikilizana.

Mjukuu wangu alinikuta katika hali hiyo. "Babu," akaniambia, "kwa nini usiiandike upya kwa Python?" Nilimwambia kwamba mti mkavu haukunjiki. Akacheka, akanifungulia kompyuta yake ndogo, akaniachia.

Python ilianzishwa na Mholanzi mwingine, Guido van Rossum, wakati wa sikukuu ya Krismasi ya mwaka 1989 mjini Amsterdam, na ikatolewa kwa watu mwezi Februari 1991, mwaka ule ule tuliopokea mtumba wetu. Jina halikutoka kwa chatu, bali kwa kundi la wachekeshaji wa Uingereza, Monty Python. Van Rossum alikuwa amefanya kazi kwanza katika lugha nyingine iliyoitwa ABC, iliyokusudiwa wanaoanza kujifunza, na akachukua kutoka humo yaliyomfaa. Kwa hiyo mwenye kudhani kwamba BASIC ni ya walimu na Python ni ya wataalamu amekosea ukoo. Ni binamu.

Jambo la kwanza nililolipenda ni kwamba Python inaishika sura ya ukurasa kuwa ni sarufi. Maagizo yaliyo chini ya sharti fulani ni lazima yasogezwe ndani, nafasi nne kwa kawaida, na yakiisha unarudi ukingoni. Sisi tuliofundisha insha tulipigana maisha yetu yote na vijana wasiojua aya ni nini. Hapa mashine yenyewe inagoma kusoma kazi isiyopangwa. Jicho linaona papo hapo lipi liko chini ya lipi. Hakuna namba za mistari na hakuna GOTO. (Adhabu yake nayo ipo: ukichanganya kitufe cha nafasi na kile cha kurukia, yaani makosa yasiyoonekana kwa macho, inakugombeza vikali, na mtu wa miwani kama mimi hupoteza asubuhi nzima.)

La pili, inayaacha majina yetu yalivyo. Niliandika wastani, ikakubali. Nikaandika wastani_wa_darasa, ikakubali. Nikajaribu sifuri, mtoto, ongeza, nikiwa kama mtu anayewarudisha wageni waliofukuzwa mlangoni miaka thelathini nyuma. Maneno yaliyokatazwa katika Python ni kama 35 hivi, na yanakatazwa yakiwa peke yake tu. Yakiwa ndani ya neno jingine hayamdhuru mtu. Kwa hiyo unaweza kuandika programu ambayo, ukiondoa hayo machache ya Kiingereza, inasomeka kwa Kiswahili. Sijui kwa nini walimu wetu wanaofundisha somo hili huwaacha vijana waandike x na y, au majina ya Kiingereza wasiyoyaelewa vizuri. Lugha haijawalazimisha. Hiyo ni tabia yetu wenyewe.

La tatu lilinitatiza: Python huhesabu kuanzia sifuri. Wa kwanza katika orodha ni namba 0, na ukiagiza kuhesabu kutoka 1 hadi 10 inaishia 9. BASIC ilikuwa ya kiungwana zaidi hapa; FOR I = 1 TO 10 ilimaanisha hivyo hivyo inavyosema. Wenye ujuzi wana sababu zao, na wamenieleza, na nimeelewa. Lakini ninajua pia kwamba hakuna mwanachuo aliyepata nafasi ya kwanza ambaye angependa kuitwa mwanachuo sifuri.

Basi niliiandika upya ile programu ya matokeo. Ili kuijaribu, nilichukua alama zile zile za darasa la mwaka 1992, wanachuo 38, zilizomo katika daftari langu kwa mkono wangu: jina, majaribio kati ya 25, mazoezi kati ya 25, mtihani kati ya 50. Niliziingiza zote, kazi ya jioni mbili. Kisha nikailinganisha orodha mpya na ile ya zamani, ambayo nilikuwa nimeikunja na kuibana katika jalada la daftari.

Hazikulingana. Na hazikutofautiana kwa mmoja wala wawili. Karibu kila jumla ilikuwa tofauti. Nilimwita mjukuu wangu nikamwambia lugha yake inakosea hesabu za kujumlisha. Nilisema kwa ukali, tena mbele ya bibi yake. Mtoto huyo ana adabu, hakunijibu. Alichukua kalamu, akaandika alama za mwanachuo mmoja tu: majaribio 23, mazoezi 14, mtihani 41. "Babu, jumlisha wewe mwenyewe." Ni 78. Python ilisema 78. Orodha yangu ya mwaka 1992 ilisema 69.

Mstari wenyewe huu hapa, kama ulivyo katika daftari:

100 READ J$, MAJARIBIO, MAZOEZI, MTIHANI
110 JUMLA = MAJARIBIO + MAZOEZI + MTIHANI

Mtazame, msomaji, ulivyo safi. Hauna hata kasoro moja, ukiusoma kama Kiswahili. Na kule Uingereza, katika lahaja niliyojifunzia, ungefanya kazi barabara. Lakini lahaja ya mashine yetu ya mtumba, kama lahaja kadhaa za wakati ule, ilikubali uandike jina refu upendavyo, kisha ikazitambua herufi mbili za mwanzo tu. MAJARIBIO kwake ni MA. MAZOEZI kwake ni MA. Vilikuwa kisanduku kimoja. Ilisoma 23 ikaweka MA, ikasoma 14 ikaifuta 23, halafu ikajumlisha 14 na 14 na 41. Haikulalamika. Iliyokataa WASTANI kwa kelele iliimeza MAJARIBIO kimya kimya.

Mtu atauliza, hukuijaribu? Niliijaribu. Nimeikuta kumbukumbu ya jaribio hilo pembeni ya ukurasa: majaribio 20, mazoezi 20, mtihani 40, jibu 80. Sawasawa. Nilikuwa nimechagua, kwa bahati au kwa uvivu, alama ambazo zingeficha kosa hilo hilo. Na kwa kuwa karatasi ilikuwa ghali, programu yangu ilichapa jina na jumla tu, bila ya sehemu zake. Hakuna aliyeweza kuona kwamba 23 imepotea.

Sasa fikiria mwanachuo wa pili: majaribio 15, mazoezi 22, mtihani 36. Haki yake ni 73. Mashine ilimpa 80. Kwa hiyo huyu wa 73 alimpita yule wa 78, na si yeye peke yake. Kijana mwenye 23 katika majaribio, ambaye kwa haki alikuwa wa tatu, aliandikwa wa kumi na mbili. Mwaka ule wakufunzi tulikaa kuchagua majina matano ya kuitwa kwenye usaili wa mafunzo zaidi ya hisabati. Tuliisoma orodha kutoka juu tukapiga mstari chini ya wa tano. Kikao hakikuchukua robo saa. Nakumbuka mkufunzi mwenzangu mmoja akisifu jinsi mashine ilivyotuondolea ubishi.

Kwa hiyo ninarudi kwa Dijkstra nikiwa na haki ya kusema. BASIC haikuilemaza akili yangu. Nilifikiri vizuri ndani yake, niliwafundisha watu kufikiri ndani yake, na wale vijana walioshika vipande vya karatasi ubaoni wangegundua mara moja kwamba mtu mmoja ameitwa kwa majina mawili. Ubovu wake ni mwingine, na yeye katika ukali wake aliupita upande: ilikuwa rahisi kuandikwa na haikujali kama itasomwa. Ilikuruhusu kuandika jina ambalo binadamu analisoma namna moja na mashine namna nyingine, na haikumwambia yeyote kati yao. Kwa lugha, hilo ndilo kosa kubwa kabisa, kubwa kuliko GOTO. Python katika jambo hili inaishinda waziwazi, na kama ningekuwa bado kazini ningeagiza ifundishwe hiyo.

Lakini wanaoniletea Python kama mtu aletaye dini mpya nawaomba wasubiri. Mjukuu wangu huyo huyo, katika ripoti ya masomo yake, alihitaji kipimo cha jinsi alama zinavyotawanyika kutoka kwenye wastani. Katika Python hukokotoi mwenyewe. Unaiita kazi iliyokwisha kuandikwa na watu wengine, iliyomo katika kile wanachokiita maktaba. Aliita ya maktaba moja, ikampa jibu. Rafiki yake akaita ya maktaba nyingine, ikampa jibu jingine. Nilichukua alama tatu tu, 40, 50 na 60, nikawaambia wazijaribu. Moja ilisema 10, nyingine 8.16. Zote mbili ni sahihi. Ya kwanza inagawanya kwa 2, kwa kudhani kwamba hao watatu ni sampuli ya kundi kubwa zaidi. Ya pili inagawanya kwa 3, kwa kudhani kwamba hao ndio wote. Mtu aliyeandika fomula hiyo kwa mkono katika BASIC, mstari kwa mstari, alilazimika kuamua agawanye kwa ngapi, na kwa hiyo alilazimika kujua. Mwenye kuiita kutoka maktabani anaamuliwa na asiyemjua. Vijana wale wawili walikuwa mwaka wa tatu, na hakuna aliyekuwa amejiuliza.

Halafu kuna suala la kudumu. Programu yangu ya mwaka 1992, pamoja na ubovu wake, ingefanya kazi leo kama ningeipata mashine ile. Python yenyewe ilijigeuza mwaka 2008, ikatoa toleo la tatu lisilopatana na la pili, hata amri ya kuchapisha ikabadilika sarufi, na tarehe 1 Januari 2020 toleo la pili likaachwa rasmi bila ya matunzo. Walikuwa na sababu nzuri. Katika lile la zamani, 7 ukiigawanya kwa 2 ulipata 3, jambo ambalo mwalimu wa hisabati hawezi kulitetea. Hata hivyo, mkufunzi wa chuo cha wilayani mwenye kitabu kimoja, aliyekitunza kwa miaka kumi, aliamka siku moja akakuta mfano wa ukurasa wa kwanza haukubaliki tena. Naijua hali hiyo. Nimekuwa mtu huyo.

Nimebakiwa na jambo la yule kijana, ambaye si kijana tena. Kumpata hakukuwa kazi. Wanachuo wa zamani wana utaratibu wao wa kupashana habari za misiba na harusi, na katika siku tatu nilikuwa na namba yake ya simu. Kupiga ndiko kulikonichukua wiki mbili.

"Shikamoo, Mwalimu," akasema kabla sijajitambulisha vizuri. Nikamwitikia, nikamuuliza hali ya nyumbani, akaniuliza ya kwangu. Amefundisha shule za msingi miaka yote, alijiendeleza mwenyewe kwa masomo ya jioni hadi akapata stashahada mwaka 2003, na sasa ni mwalimu mkuu. Kisha nikamweleza, kwa urefu, mambo ya herufi mbili, ya kisanduku kimoja, ya 78 na 69. Alisikiliza bila ya kunikatiza.

"Nakumbuka, Mwalimu," akasema. "Nilikuja ofisini na karatasi zangu za majaribio. Nilikuonyesha zile 23. Ukaniambia, mashine haikosei."

Mimi siikumbuki siku hiyo. Nimejaribu. Nilimwomba radhi, akasema yamepita, Mwalimu, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayesema kweli, au ya mtu mwenye adabu. Kwa simu huwezi kutofautisha. Tukanyamaza kidogo. Halafu akaniuliza kama zile programu mbili, ya zamani na mpya, zinaweza kuandikwa kwenye karatasi, kwa kuwa shule yake ina kompyuta moja ya ofisini tu, lakini ubao anao, na darasa la sita ana watoto 70.

Nimemnakilia kwa mkono, kurasa nne. Mstari wa 100 nimeupigia wino mwekundu, na pembeni nimemwandikia kwamba asimamishe watoto watatu mbele, awape wawili kati yao karatasi moja waishike pamoja.